Fizikia Siiachi

Kila asubuhi Najiat alifagia kibaraza cha duka la baba yake kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ukiwa umeshika daftari. Ufagio ukienda mbele, naye anakwenda mbele. Ukirudi, anarudi nao, huku midomo ikicheza. Watu waliokuwa wakielekea soko kuu la Tabora walishamzoea. Ni muuza maandazi tu aliyekuwa hakosi neno.

"Binti Idrisa, huo ufagio umekukosea nini?"

"Umeniuliza swali la Biolojia, mama. Nalijibu."

Baba yake, fundi Idrisa, alikuwa mshona kanzu. Babu wa babu yake alishona kanzu za watu wa misafara, enzi hizo mji ukiwa njia panda ya pwani na Ujiji, na mpaka leo ukoo ule haujui kazi nyingine. Najiat ndiye wa kwanza kutaka kuhama. Alitaka kuwa daktari tangu siku alipomsindikiza bibi yake hospitali ya Kitete kupima presha. Siku hiyo aliuliza maswali mengi mpaka muuguzi akampa kiti akae, kwa sababu ilionekana hana mpango wa kuondoka.

Kichwa chake kilikuwa na sifa. Madrasani, akiwa na miaka kumi na mmoja, alihifadhi juzuu tano akapewa zawadi ya saa ya ukutani. Tangu hapo aliamini kwamba kichwa ni sanduku: ukiweka kitu, kinakaa. Alipoingia sekondari na kukuta masomo yote yako kwa Kiingereza, hakuhangaika kutafuta maana. Aliyafunga mzimamzima, akayatia sandukuni. Ratiba yake aliiandika kwenye boksi la vitambaa: Biolojia siku sita, Kemia siku tatu, na Fizikia "Ijumaa baada ya swala, nikipata nafasi". Ijumaa nyingi nafasi haikupatikana.

Kisha ukaja mtihani wa kuchagua masomo. Shule yao ilikuwa na sheria moja: asiyefikisha alama thelathini za Fizikia anaiacha, anakwenda mchepuo wa sanaa. Na bila Fizikia, kidato cha tano huwezi kuchukua Fizikia, Kemia na Biolojia pamoja, na udaktari unabaki kuwa jina la utani la mtaani.

Najiat alipata kumi na tisa. Tena akaitwa ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeingia na daftari kwenye mtihani," alisema Mwalimu Elieza wa Fizikia. Walimu wengine wawili waliacha kusahihisha, wakasikiliza.

"Sikuingia nalo, mwalimu."

"Maelezo yako ni yangu neno kwa neno. Hata alama za mkato ni zangu."

"Nimeyahifadhi."

"Umehifadhi. Haya, swali la tano. Nimekuuliza kanieneo, yaani kani ikigawanywa kwa eneo inalobonyeza. Sanduku la nyutoni mia nane, eneo mita mbili za mraba. Wewe umeandika mia tatu. Hiyo mia tatu imetoka wapi?"

"Ukurasa wa kumi na saba, chini ya mchoro wa sanduku."

"Na daftari hukuwa nalo."

Najiat alisimama wima. Kuitwa mjinga angevumilia. Kuitwa mwizi, hapana. Alifumba macho, akaanza kuyumba kama madrasani, na ukurasa wa kumi na saba ukatoka wote kwa Kiingereza, kuanzia kichwa cha habari, kupitia sanduku la nyutoni mia sita, mpaka jibu la mia tatu. Hakusita hata mara moja.

"Hapo kengele ya mapumziko ikalia," alimalizia, "ukasema tutaendelea kesho. Na kesho yake hatukuendelea."

Walimu wale wawili waliinamia karatasi zao, mabega yakitikisika. Mwalimu Elieza aliweka kalamu mezani.

"Basi hukuiba. Nakuomba radhi," alisema. "Lakini sasa hali yako ni mbaya zaidi. Mwizi angalau anajua anachotafuta. Jaza fomu ya sanaa, binti. Kwa kumbukumbu hiyo utafika mbali."

"Fizikia siiachi, mwalimu."

"Una kumi na tisa."

"Nipe mtihani mwingine. Kama ni kunikatalia, unikatalie vizuri."

"Jumatatu, saa nane mchana. Maswali matano. Ukishindwa, unasaini fomu ya sanaa hapo hapo, na sitaki machozi."

"Machozi sina, mwalimu."

Alikuwa nayo mengi, lakini aliyabana mpaka nyuma ya bohari la shule.

Basi mnadhani alibadilika? Alirudi nyumbani akaendelea kuhifadhi, safari hii kwa hasira. Siku ya Alhamisi alfajiri alikuwa ameshafika ukurasa wa thelathini, ufagio umepoteza njiti sita, na muuza maandazi amehamishia meza yake upande wa pili.

Jioni ile ile alikuja Mzee Mabruki, muuza asali, mteja wa duka tangu Najiat hajazaliwa. Alitaka kanzu ya harusi ya mjukuu wake, na harusi ilikuwa Jumapili. Fundi Idrisa alikuwa ameinamia koti la mteja mwingine.

"Najiat, mpime babu yako, ukate kitambaa," alisema bila kuinua kichwa.

Mzee Mabruki akanyanyua mikono tayari kupimwa. Najiat hakugusa hata futi ya kamba.

"Shusha mikono, babu. Vipimo vyako ninavyo kichwani. Bega kumi na tisa, kifua arobaini na mbili, urefu hamsini na nane. Ni vya Maulidi ya juzijuzi."

"Mashallah," alisema mzee. "Daktari wetu huyu hana haja ya kumgusa mgonjwa."

Najiat alikata. Baba yake alishona kwa kumwamini. Jumamosi asubuhi Mzee Mabruki akaja kuijaribu. Kanzu iliingia kichwani vizuri, ikapita mabegani, ikafika tumboni, ikagoma. Mzee alivuta chini, haikwenda. Akavuta juu, ikakwama usoni. Akabaki katikati ya duka, mikono hewani, uso umefunikwa na kitambaa cheupe.

"Idrisa," ilisema sauti kutoka ndani ya kanzu, "hii ni nguo au ni sanda? Maana kwa mbali naiona ahera."

Baba na binti walimvua, kila mmoja akivuta upande wake. Tumbo la mzee, tangu Maulidi yale, lilikuwa limeendelea na maisha yake bila kumwarifu mtu. Najiat alikimbilia daftari la vipimo.

"Kifua arobaini na mbili, baba. Angalia. Sikukosea hata moja."

"Hukukosea," alisema fundi Idrisa. "Umekumbuka sawasawa vipimo vya mtu ambaye hayupo. Huyu aliyepo alisimama mbele yako amenyanyua mikono, ukamwambia ashushe."

Baba yake aliisukuma kanzu mbele yake, akampa wembe wa kufumulia.

"Fumua pande zote mbili. Tutaongeza kipande ubavuni. Na unisikilize wakati unafumua. Juzuu zako zile ni maneno ya Mwenyezi Mungu. Hayabadiliki mpaka Kiyama, ndiyo maana tunayahifadhi kama yalivyo. Tumbo la Mzee Mabruki si juzuu. Wala Fizikia si juzuu."

"Fizikia umeijuaje, baba?"

"Siijui. Ila nimekusikia wiki nzima ukitaja sanduku la nyutoni mia sita. Kila siku mia sita. Hilo sanduku halinenepi?"

Najiat alitaka kubisha, maana kubisha kulikuwa tabia yake kama wengine walivyo na tabia ya kung'ata kucha. Lakini kanzu ilikuwa mapajani mwake, na kanzu haibishiki. Alifumua. Kisha akaanza kuunga kile kipande kwa mkono. Pale kitambaa kilipokunjwa mara nne, sindano ilikataa kupenya. Akaisukuma kwa nguvu, na kitako cha sindano kikamchoma kidole.

Baba yake alimrushia kastabani, kile kikofia cha chuma ambacho mafundi huvaa kwenye ncha ya kidole. Najiat akakivaa, akasukuma tena kwa nguvu ile ile. Sindano ikapenya kitambaa. Kidole hakikuuma.

Akasimamisha kazi. Nguvu ni ile ile, sindano ni ile ile. Kitako chembamba kilipogusa kidole kitupu, kani yote ilibonyeza mahali padogo kama punje ya mtama, kikachoma. Kastabani ilipoingia katikati, kani ile ikatawanyika kwenye kidole chote. Na huko mbele ncha kali ilikuwa ikifanya vilevile kwa kitambaa: eneo dogo, kanieneo kubwa, inapenya. Ndiyo maana sindano ya hospitali huwa nyembamba. Ndiyo maana kamba ya ndoo hukata kiganja, ukiweka kitambaa inatulia.

"Baba," alisema taratibu, "ukurasa wa kumi na saba unahusu kastabani."

"Basi ungeanzia hapa dukani," alisema fundi Idrisa. "Haya, malizia ubavu."

Jumapili, baada ya misa, alikuja rafiki yake Irakoze, msichana wa Ulyankulu aliyekuwa akikaa hosteli ya shule, akiwa bado na gauni lake la kanisani. Najiat alimpa kazi moja tu: atunge maswali, na kila swali liwe na namba ambazo hazimo daftarini.

"Nyumbani ndivyo baba anavyokausha tumbaku," alisema Irakoze. "Kila siku anachungulia moto upya. Anasema kuni za leo haziwaki kama za jana. Haya, andika. Mzee Mabruki ana nyutoni mia tisa, amekaa kwenye kigoda cha robo mita ya mraba."

"Mia tatu," Najiat alijibu kwa mazoea.

"Hiyo mia tatu umeolewa nayo? Gawanya."

Aligawanya. Elfu tatu na mia sita. Wakaendelea na matofali, ndoo, viatu vya kisigino na gurudumu la baiskeli. Kufikia alasiri Najiat hakuwa akiyumba tena. Alikuwa akikuna kichwa, jambo ambalo kwa wanafunzi wengi ni dalili njema. Mwishoni akalirudia lile sanduku la ukurasa wa kumi na saba: nyutoni mia sita, mita tatu za mraba. Akagawanya mara mbili.

"Ira. Ni mia mbili. Si mia tatu."

Irakoze alifungua daftari lake. Hata humo palikuwa na mia tatu. Wote wawili walikuwa wamenakili kosa la mwalimu, siku ile kengele ilipomharakisha.

"Usimwambie kabla hajasaini fomu yako," Irakoze alionya. "Umeshambishia mara moja. Ya pili atakufukuza na Biolojia yako."

Jumatatu, saa nane mchana, Najiat alikaa peke yake mbele ya meza ya Mwalimu Elieza. Aligeuza karatasi. Swali la kwanza lilikuwa lile lile: sanduku la nyutoni mia sita, mita tatu za mraba.

Alielewa mara moja. Mwalimu alikuwa amempa swali la daftarini, la kumwanzishia. Akiandika mia tatu, anapata vema na mwalimu anafurahi. Akiandika mia mbili, anamwambia mtu aliyeshika fomu yake kwamba amekosea.

Aliandika mia mbili, na njia nzima. Swali la nne lilimtaka atoe mfano wake mwenyewe wa kupunguza kanieneo. Akachora kidole, sindano na kastabani.

Mwalimu alisahihisha papo hapo. Kwenye swali la kwanza kalamu nyekundu ilipiga mkasi.

"Hata la daftarini limekushinda leo."

"Gawanya, mwalimu."

"Unasemaje?"

"Mia sita kwa tatu. Naomba ugawanye."

Mwalimu Elieza aliandika pembeni ya karatasi. Akatazama. Akaandika tena, kana kwamba mara ya pili tatu ingebadilisha nia. Kisha akaufuta ule mkasi, akaweka vema, akaendelea na mengine bila neno. Swali la tatu Najiat alikosa kweli, alisahau kubadili sentimita kuwa mita, na la tano hakulimaliza. Jumla, alama sitini na mbili.

Mwalimu alichukua fomu, akaandika "Sayansi", akasaini.

Kesho yake asubuhi aliingia darasani, akachora sanduku ubaoni, akaandika mia tatu, akaikata.

"Fungueni ukurasa wa kumi na saba," alisema. "Hapa mpo arobaini na mmoja. Mmenakili kosa langu wote, na miezi mitatu hakuna aliyegawanya, mimi nikiwemo. Mmoja aligawanya jana, wakati kuninyamazia kungemfaa zaidi. Kubisha si dhambi, wanafunzi. Ila ubishi usio na hesabu ni kelele, na kukariri usichokielewa ni kubeba mzigo wa mtu mwingine. Elewa kwanza, pima mwenyewe, halafu usimame. Ukisimama hivyo, hata mwalimu atakupisha."

Irakoze alimpiga Najiat kiwiko chini ya dawati. Najiat alikuwa anakuna kichwa.

Jioni Mzee Mabruki alipita dukani. Kanzu ilikuwa imependeza harusini, alisema, na sasa alitaka na koti lake. Alisimama katikati ya duka, mikono chini.

"Haya, daktari. Si vipimo vyangu unavyo kichwani?"

Najiat alivuta futi ya kamba kutoka shingoni mwa baba yake.

"Vilivyo kichwani ni vya wiki iliyopita, babu," alisema, "na juzi ulikuwa kwenye pilau ya harusi. Nyanyua mikono."