Ndege Mwenye Mabawa ya Buluu

Haya yalimkuta rafiki yangu Milembe, hapahapa Bariadi. Yeye na jirani yake Hilaria walikuwa wakijifunza kwenye simu kutengeneza mapambo ya vioo. Walikata chupa za rangi mbalimbali, wakaunga vipande kwa risasi ya mafundi redio, wakiiyeyusha kwa chuma cha umeme, kila mmoja akaunda ndege wake. Ndege wa Milembe alikatika bawa. Wa Hilaria, mwenye mabawa ya buluu, aling'aa dirishani kwake mpaka Luhende, mume wa Milembe, akasema, "Dada Hilaria ana mkono wa ufundi, jamani!" Maneno hayo yalimchoma Milembe.

Jioni alikwenda kwa Hilaria kuazima risasi, akakuta mwenzake amekwenda kwaya. Akamtungua yule ndege, akamfunga kwenye khanga, akamponda kwa jiwe na kuvimwaga vipande chooni.

Alipoingia kwake, umeme ukakatika. Luhende alikuwa bado kijijini Kasoli kwenye kazi ya pamba. Gizani, mezani pake, kioo kikaanza kukatwa: krrr. Kimya. Krrr.

Akawasha tochi ya simu. Ndege wake aliyekatika bawa alikuwa mezani, mzima, ana bawa la buluu kama la yule aliyemponda. Akaligusa pale lilipoungwa. Risasi, bado ya moto, ikamuunguza kidole.