Alikuja Kuhesabu Bundi, Baba Akatoka na Bunduki

— Shangazi, mbona mkate umeubeba wewe?

Neda alikuwa mlangoni mwa jiko, jagi la maziwa mkononi. Mkate wa sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa nyumba yao kila mwaka anaupeleka kanisani baba yake ukabarikiwe. Kila mwaka, jamani! Leo shangazi Stana kaukumbatia kama mtoto mchanga, skafu kichwani, anataka kuondoka.

— Baba yako kanipa mimi. Kasema ana kazi.

— Kazi gani saa hizi, na wageni wako njiani?

— Kaniuliza risasi ziko wapi. Eti leo anawamaliza wale bundi.

Neda akageuka. Kabati la bunduki liko wazi. Ndani hamna kitu.

Weee! Akalitua jagi, akaitafuta simu.

Maana kule kwenye misonobari, nyuma ya mahindi, hakukuwa na bundi peke yao. Alikuwepo na Relja, mpenzi wake. Na aliyemwita ni Neda mwenyewe, jana jioni, kwa meseji: "Njoo asubuhi uwahesabu bundi wako. Mzee atakuwa kanisani, tutapata na nusu saa yetu."

Relja ni kijana wa mji wa Kikinda, kazi yake kuhesabu ndege. Kila Novemba bundi wanajaa kwenye miti ya mji ule na mashamba yake, naye yuko chini yao, shingo juu. Mzee Obrad alishawahi kumkuta pale, akamwambia mbele ya Neda: "Wewe mlezi wa bundi, nikikuona tena kwangu, sitauliza jina." Hakuwa anatania. Mkewe alifariki mwaka juzi, na wiki ile ile bundi alilia juu ya paa lao.

Neda akapiga simu. Inaita. Inaita. Haipokelewi.

— Pokea, we mwanaume! Pokea!

Halafu akakumbuka. Relja akiwa na bundi wake, simu anaizima sauti, anavaa koti la rangi ya majani makavu, anakaa kimya kama kisiki. Yaani kajificha vizuri kabisa mbele ya mtu mwenye bunduki!

Akatuma: "TOKA HAPO!! BABA ANA BUNDUKI." Haikusomwa. Akatoka mbio na ndala za ndani, ukungu mzito, hata mkono wake mwenyewe hauoni.

— Baba! Usipige! Kuna mtu!

Paaa!

Bundi wakampita juu ya kichwa, makumi kwa makumi, hata bawa lisisikike. Neda alitamani walie, chochote kile, kuliko kimya kile.

Akamkuta baba yake kaduwaa, mtutu chini. Chini ya msonobari mtu kalala kifudifudi, damu shavuni.

— Neda... nililenga juu. Juu kabisa. Sikujua kuna mtu.

— Mimi ndiye niliyemwita! Baba, umeniulia Relja!

Akamgeuza. Relja akafungua jicho moja.

— Kuna aliyeanguka?

— Nani?

— Bundi.

— Mshenzi wewe! Mimi nakulilia, we unaniuliza bundi!

Akampiga kifuani, akamkumbatia hapo hapo. Kumbe mlio ulipomshtua alijitupa chini, tawi likamchana shavu.

Relja akasimama. Akaiona bunduki. Angeweza kukimbia. Akavua kofia.

— Heri ya sikukuu, mwenye nyumba.

Neda akamtazama baba yake. Siku ya mtakatifu wa nyumba mgeni haalikwi wala hafukuzwi. Akishatoa salamu ile, ukimkataa umeiaibisha nyumba yako mwenyewe.

Mzee Obrad akamnyooshea binti yake kidole.

— Bundi wanalia dirishani kwa huyu. Wiki nzima. Kama walivyomlilia mama yake.

— Baba, mama aliumwa tangu kiangazi. Bundi walikuja majani yameshapukutika.

— Najua.

— Unajua?

— Ugonjwa sikuuweza. Madaktari sikuwaweza. Mungu namwogopa. Alibaki nani? Bundi. Huyo nilimweza.

Bunduki ikamtoka mkononi. Alikuwa analia, yule mzee ambaye hata makaburini hakutoa chozi.

— Neda, iokote, toa risasi, usinipe tena leo. Na wewe kijana, njoo unishike. Miguu haiendi.

— Mzee, hata mimi natetemeka.

— Basi tutaanguka wote. Njoo.

Uani majirani walishafika na chupa yao ya rakija, pombe kali ya matunda. Mama Desa akadakia wa kwanza:

— Obrad, tumesikia mlio! Na huyu mwenye damu ni nani?

— Mkwe wangu. Nusura nimuue kabla hajaja kuposa. Mpeni kinywaji kwanza, umbea baadaye.

Neda akakaa pale pale kwenye ngazi, akaangua kilio kama mtoto. Relja akachuchumaa pembeni yake, akamnong'oneza:

— Lakini mimi sijaposa bado.

— Basi posa haraka, kabla mzee hajabadili mawazo!