Kigoda cha Babu Kabange

Antoinette hufanya usafi hospitalini, kule Woluwe, Ubelgiji. Akirudi nyumbani Saint-Gilles hubandika maharage jikoni, kisha humpigia simu baba yake, Papa Ngoy, aliyeko Likasi, Katanga. Lakini wiki ile maharage yaliungua mara mbili, kwa sababu ya kuandikiana na aliyejiita Léa.

Mambo yalianza Jumapili, kwenye jumba la makumbusho. Antoinette aliona kigoda cha mti, chenye sura ya mwanamke aliyebeba kiti kichwani. Kibao kilisema: "Kamalenge, Katanga, 1912." Kumbe kijiji chao! Tangu utotoni alisikia kwamba Chifu Kabange, babu wa baba yake, aliuza kigoda cha ukoo kwa gunia la chumvi. Kwa sababu hiyo Papa Ngoy, mzee wa miaka themanini na mitatu, bado hapewi nafasi ya kusema kwenye vikao vya ukoo. Eti mjukuu wa muuzaji atatuambia nini?

Antoinette akashikwa na hamu ya kujua. Kigoda kilifikaje Ubelgiji?

Alifungua tovuti ya makumbusho. Kikatokea kidirisha: "Mimi ni Léa. Nikusaidie nini?" Antoinette amelelewa vizuri, hatangulizi shida kabla ya salamu. Akaandika kwa Kifaransa: "Bonjour, maman Léa. Umeamkaje? Watoto hawajambo?"

Léa akajibu papo hapo: "Tunafungua saa nne asubuhi."

Siku nne Antoinette alimsalimu na kumweleza habari za Kabange. Siku nne Léa alimpa saa za kufungua. Hasira zikampanda. Akaenda kwa jirani wa ghorofa ya juu aitwaye Waziri, Mtanzania anayetunza hati katika maktaba, akamlalamikia kwa Kiswahili cha Katanga.

"Papa Waziri, huyu mwanamuke hana heshima! Namusalimia, hata habari ya batoto yake hanipe!"

Waziri alisoma ujumbe kwenye simu, akacheka mpaka machozi. "Dada, Léa si mtu. Ni mashine inayojua majibu machache tu."

"Mashine? Mon Dieu! Na miye nilimuambia siri yote ya famille!"

"Kuuliza si ujinga, dada, ila uliza panapojibiwa. Andikia watunza hati wa makumbusho. Kila kitu kule kina namba. Taja namba, kijiji na jina la babu. Omba nakala ya hati zinazoonyesha nani alikileta, lini na kwa njia gani. Nawe ubaki na nakala ya barua yako."

"Alors, kama balikiiba, batakirudisha?"

"Kurudisha kunapitia serikali mbili, na huchukua muda. Lakini kilichouzwa kwa hiari na kilichonyang'anywa si sawa. Tujue kwanza."

Wakaenda makumbusho kunakili namba ya kigoda, barua ikatumwa. Baada ya wiki sita likaja jibu lenye sahihi ya mtu, pamoja na nakala ya daftari la ofisa wa Kibelgiji wa wakati ule: "Kigoda. Kimechukuliwa nyumbani kwa chifu Kabange. Kijiji kimechomwa, watu wamekimbilia porini. Hakuna malipo."

Antoinette alilia, kisha akapiga simu Likasi.

"Papa, babu hakuuzisha! Baliunguza muji, bakakamata kiti."

Papa Ngoy akauliza: "Imeandikwa?"

"Imeandikwa, papa. Sasa tunaandika barua ingine, kiti kirudi kwetu. Itakawia, lakini tunaandika."

"Bon. Dimanche, siku ya Mungu, kuko kikao ya famille. Utapiga simu, utabasomea bote."

"Na weye, papa?"

"Miye njo nitasema wa kwanza."