Nilimwambia "Haguruka!" Mbele ya Soko Zima

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini, shule niliishia la sita, na mimi ni mtu wa kucheka. Hata leo ndege ikishuka Kanombe naipungia mkono, eti siku moja nitapanda! Lakini kuna kicheko kimoja kilinitafuna miaka minne...

Mwaka 1990, vita vilipoanza, mwalimu wetu alitaka kutuhesabu kwa kabila. "Odeta, haguruka!" Yaani simama! Mtutsi nilikuwa peke yangu darasani. Nikasimama. Rafiki yangu Dativa, Mhutu, tuliyegawana dawati na hata kiazi, alibaki amekaa... akaziba mdomo, akacheka! Sikurudi tena shule.

Mwaka 1994 mama yangu akauawa. Nyumba yetu ikabebwa hadi mlango. Nikabaki na nini? Hasira tu!

Vita vilipokwisha, nikapita soko la Kimironko. Nani yuko kwenye cherehani? Dativa! Na chini ya sindano... kitenge cha mama yangu, kile cha kasuku wekundu!

"Haguruka!" nikapiga kelele. "Haguruka, mwizi wa maiti!"

"Odeta we, ngoja nikueleze..."

"Utawaeleza askari!"

Askari hawakuuliza swali la pili, wakamfunga. Lo, nilivyofurahi! Nilijinunulia Fanta, nikainywa polepole, naona utamu wa kisasi.

Wiki ya tatu shangazi yake Dativa akaniletea kile kitenge, kumbe ni gauni, limeshonwa nusu. Karatasi imebanwa kwa pini: "Odeta. Kiuno 28. Mama yake anataka mikono mifupi." Kabla hajauawa, mama alikuwa amempelekea Dativa kitenge kwa siri anishonee gauni, anifurahishe. Dativa alikificha vita vizima!

Nikakimbilia kwa askari. Wakanicheka: "Juzi mwizi, leo si mwizi?"

Nikaacha kula. Jirani akanipeleka kwa muuguzi mmoja, Mama Konsolata, anayekaa na watu akawasikiliza tu, bila kidonge wala sindano. Nikajiuliza, dawa gani hiyo ya maneno?

Nikamsimulia yote, tangu darasani hadi sokoni. Akaniuliza, "Ulipomwona, neno la kwanza lilikuwa lipi?"

"Mwizi."

"Fikiri vizuri, mwanangu."

Nikafikiri... "Haguruka."

"Kitenge kingeweza kurudi naye amekaa. Kwa nini asimame?"

Nikalia hadi kamasi! Kumbe si kitenge. Miaka minne nilitaka Dativa asimame peke yake, aone aibu niliyoiona!

"Zamani neno la mwalimu lilitosha kumsimamisha mtu peke yake," akasema. "Leo linatosha neno la nani?"

Langu, wasomaji. Langu mimi niliyeonewa!

Nilirudi kwake kila Alhamisi mpaka nikapata nguvu ya kusimama mbele ya wakubwa wa askari na kusema nilimsingizia. Dativa alitoka baada ya miezi miwili, mifupa mitupu, anakohoa.

Nikamfuata kwenye cherehani. "Dativa, nisamehe."

Hakuinua kichwa. "Siku ile nilicheka, ndiyo. Nilifurahi kwamba si mimi. Lakini kitenge cha mama yako nilikitunza."

Hakuniambia kaa. Nikabaki nimesimama hadi soko likafungwa.

Jamani, mwenye kidonda kama changu, nakusihi: jitafutie mtu wa kukusikiliza kabla hujanyoosha kidole. Kidole hakirudi! Gauni langu bado nusu. Fundi wake ni mmoja tu, na kila Jumamosi naenda nasimama pale... sijaambiwa kaa.