Neno Lililounguza Ufuta

Kila Jumatano, kengele ya mwisho ikilia, wanafunzi wa darasa la sita katika shule ya kina Hajra, kule Ruponda, hupitia maktaba kabla ya kwenda nyumbani. Maktaba yenyewe zamani ilikuwa stoo ya majembe. Mwalimu Prisca humpa kila mmoja kijitabu cha kwenda kumsomea mzee asiyejua kusoma. Maswali ya wazee huandikwa kwenye daftari, nayo hurudishwa maktaba kutafutiwa majibu.

Hajra alipangiwa Bibi Mwantumu, mjane mwenye ekari moja ya ufuta. Ufuta ule ulikuwa bado mchanga na viwavi walikuwa wanautafuna.

Akiwa maktaba, Hajra alikuta katika kijitabu neno asilolijua. Akanyoosha mkono. Abdalah, jirani yake wa dawati, akacheka.

"Unauliza tena? Juzi 'pembejeo', leo nini? Kiswahili kinakupiga chenga, wewe!"

Darasa likaangua kicheko. Hajra akashusha mkono. Kamusi ilikuwa rafuni, hatua mbili tu, lakini aliona aibu kuinuka.

Alipofika kwa Bibi alimwamkia, akaketi, akasoma: "Chemsha majani ya mwarobaini pamoja na sabuni. Zimua kabla ya kunyunyiza."

"Zimua ndiyo nini, mjukuu wangu?"

Hajra hakuinua macho kutoka kitabuni. "Ni kuzima, Bibi. Uzime moto kabla ya kunyunyiza."

"Ahaa. Kiswahili cha vitabuni kina mambo!"

Jumatano iliyofuata alimkuta Bibi ameketi kwenye tuta, mikono magotini. Nusu ya shamba ilikuwa imekauka, majani yamejikunja kama yaliyomwagiwa uji wa moto.

"Labda ardhi imenichoka," Bibi alisema kwa sauti ndogo. "Au mbegu ilikuwa mbovu. Dawa nyingine ipo kwenye ndoo. Kesho namalizia upande uliobaki."

"Bibi, huoni kama dawa ndiyo…"

"Dawa imetoka kitabuni, mwanangu. Kitabu hakiwezi kunidanganya."

Hajra aliaga na kukimbia hadi maktaba. Akafungua kamusi. Zimua: punguza ukali wa kitu kwa kuongeza maji. Alilisoma mara tatu. Kisha akalaza kichwa juu ya meza.

Hakuna aliyejua. Bibi alikuwa analaumu ardhi yake. Angenyamaza, nani angemshuku? Lakini kesho Bibi angeamka, angebeba ile ndoo na kuunguza kilichobaki kwa mikono yake mwenyewe.

"Hajra, nafunga mlango," Mwalimu Prisca alisema. "Unalia nini?"

"Nimeua ufuta wa Bibi, Mwalimu."

Alieleza yote. Mwalimu hakumgombeza. Alichukua kamusi na kile kijitabu, wakaenda pamoja.

Hajra alipiga magoti mbele ya Bibi Mwantumu. "Bibi, sikulijua lile neno. Nilibuni tu. Maana yake ni kuongeza maji."

Bibi aligeuka kutazama shamba. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Ule ndio mwaka wangu mzima," alisema. Hajra alitamani apigwe, maana kipigo kingeisha. Maneno yale yasingeisha.

Hatimaye Bibi akainuka, akavuta ile ndoo. "Haya. Maji kiasi gani?"

Mwalimu alisoma ukurasa uliofuata kijitabuni, kisha wakaizimua dawa wote watatu. Nusu ya ufuta ikapona. Iliyoungua haikufufuka. Jumamosi darasa zima lilikuja kuilima upya na kupanda kunde, maana msimu wa kupanda ufuta ulikuwa umeshapita.

"Hajra," Abdalah alinong'ona akiwa ameinamia jembe, "ningejua nisingekucheka."

"Lima huko," Hajra alimjibu, lakini kwa upole.

Walipomaliza, Mwalimu Prisca aliwakusanya kando ya shamba. "Mkibeba kitabu kwenda kwa mtu, mnabeba na chakula chake. Msilolijua, ulizeni. Na mwenzenu akiuliza, atakayecheka anaharibu shamba la mtu asiyemjua."

Bibi Mwantumu aliwagawia mihogo ya kuchemsha. Alipofika kwa Hajra alimshika bega.

"Jumatano uje, mjukuu wangu. Ukikuta neno gumu, useme, 'Bibi, hili silijui.' Mimi nitasubiri hadi urudi."