Babu Hakusema Hivyo

Kila akitoka shule, Chiriku alifagia vumbi la mbao katika karakana ya babu yake, fundi seremala. Jina hilo alipewa na babu huyo huyo, maana mdomo wa mtoto ulikuwa haupumziki hata ukiwa umejaa chakula.

Siku moja mwalimu aliwaambia wanafunzi wachague neno la nyumbani, kisha wamuulize mzee wa kwao maana zake na asili yake. Chiriku akachagua "meza".

"Babu, nina swali la shule."

"Ngoja nimalize ubao huu, mjukuu wangu, halafu tukae tuzungumze."

Nje, wenzake walikuwa wakiruka kamba. Chiriku akatoka mbio, asirudi.

Kesho yake alisimama darasani, macho makavu. "Babu yangu amesema meza inatokana na kumeza, kwa sababu chakula kikiwekwa pale, kinamezwa!"

Darasa likapiga makofi. Mwalimu akakuna kidevu, akasema atachunguza.

Wiki iliyofuata babu alikuja shuleni kukarabati madawati. Watoto wakamzunguka.

"Shikamoo babu! Na kabati je? Linamkaba nani?"

Kicheko kikalipuka. Babu akabaki na nyundo mkononi, haelewi anachekewa nini. Mwalimu alipomweleza, akamgeukia mjukuu wake.

"Mimi nilisema hayo lini?"

Chiriku alitamani ardhi ipasuke. "Hukusema, babu," akajibu mbele ya wote, machozi yakimtiririka. "Nilitunga."

"Neno hilo tulilipata kwa Wareno waliokuja na merikebu zamani," mwalimu akasema. "Halina undugu na kumeza. Haya, mwombeni babu radhi."

Wakamwomba, Chiriku wa kwanza. Babu akapokea, lakini sauti yake ilikuwa imepoa.

"Ungeniuliza, ningekwambia asili yake siijui. Ningekueleza ninayoyajua: meza kuu wanayokaa wageni wa heshima, na waliogombana kukaa meza moja, yaani kuanza kusikilizana. Nilikusubiri jioni ile, nimekufutia na kigoda. Sijui kama nitakuwa na hamu ya kuyasimulia tena."

Chiriku akainamisha kichwa.

"Usimlishe mtu maneno, mjukuu wangu. Wewe ulipigiwa makofi, mimi nikachekwa. Siku nyingine usipojua, sema hujui. Hakuna atakayekupiga."