Msinipige

Fundi makochi alipopigilia kigingi cha mwisho cha hema, ardhi iliguna.

Haikuwa sauti kubwa. Iliguna kama mtu mzima aliyepigwa ngumi ya tumbo akaona haya kulia mbele za watu. Binti yake, ambaye nyumbani walimwita Mwalimu kwa tabia yake ya kusahihisha wakubwa, ndiye aliyeisikia.

"Baba, umesikia?"

"Mzizi huo. Ndani una uwazi," alisema baba yake, akapiga tena kwa nguvu zaidi. Ardhi ikanyamaza. Ndege nao wakanyamaza.

Hema lile alilishona mwenyewe kwa turubai, jioni baada ya kazi, kwa kuwa aliwaahidi watoto kwamba shule zikifungwa watalala msituni, na ahadi ni deni. Mkewe, dereva wa basi la shule, ndiye aliyeendesha gari la kuazima kwenye tope, akilibembeleza kama mtoto mwenye homa. Nyuma walikaa Mwalimu, mdogo wake wa miaka sita, na bibi yao mzaa baba, aliyekataa katakata kuachwa nyumbani na mkongojo wake. Yule mdogo walimwita Kijiko, maana sufuria ikifunuliwa tu, yeye keshafika.

Miti ilikuwa imeshonana juu, mchana ukawa kama jioni. Mama alikuwa anakoroga maharage mlangoni pa hema pale bibi alipoinua pua.

"Nywele za nani zinaungua?"

Hakuna aliyeungua. Mvua ikaanza kushuka, nzito, na baba akabaki ameketi kwenye gogo, nyundo mkononi, analowa. Kijiko akamwendea.

"Baba, njoo ndani. Chakula karibu kiive."

Baba akageuza shingo polepole. Sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya chini, ya upole, wala haikuwa yake.

"Nani aliyenipiga?"

Kijiko akacheka, akadhani ni mchezo. Baba akamshika mkono, akaukunja nyuma kama anavyokunja waya wa kochi, na mfupa ukalia mlio mkavu uliosikika juu ya mvua. Kabla mtoto hajapata pumzi ya kupiga yowe, nyundo ilikwisha kupanda hewani, na mama, ambaye hakujua amefikaje pale, alikuwa amenyanyua sufuria na maharage yake ya moto na kuishusha kwenye kichwa cha mumewe kwa nguvu zake zote.

Baba akaanguka. Akafungua macho, damu na mchuzi vinamchuruzika, akamwona mwanawe kwenye tope ameshika mkono uliopinda.

"Nani kamfanya hivi mwanangu?" akauliza, na safari hii ilikuwa sauti yake.

Mkewe alisimama juu yake, na ile harufu ya nywele ikawa inatoka kwake.

"Nani aliyenipiga?" alisema mama, kwa upole uleule.

Akamkanyaga mumewe goti mpaka likaachia, akaokota nyundo, akamgeukia Mwalimu, akamkamata nywele na kumburuta kuelekea kwenye moto uliokuwa ukifukuta chini ya turubai, na msichana akawa anajishikilia kwa kamba za hema, kamba moja ikikatika baada ya nyingine, akimwita mama yake kwa majina yote aliyowahi kumwita tangu anyonye, hata uso wake ukawa karibu na makaa kiasi cha kuhisi kope zinajikunja.

Mkongojo wa bibi ukatua kisogoni mwa mama.

Mama akaachia, akaketi kama gunia, akaanza kutapika. Bibi akabaki na mkongojo juu. Wakaona midomo yake inatetemeka, kama mtu anayezuia mlango unaosukumwa kutoka nje.

"Anayempiga aliyepandwa ndiye anayepandwa," alinong'ona haraka. "Sikilizeni. Msinipige. Hata nikiua mtu, msinipige. Nifungeni."

Kisha macho yake yakatulia, akatabasamu, akauliza swali lile.

Walimfunga. Mama na baba mwenye goti bovu walimkumbatia mwanamke mzee mwenye nguvu za fahali, wakamviringisha kwa kamba na turubai, naye akapata kidole cha shahada cha baba na kukitafuna mpaka akakimeza. Fundi hakumpiga. Alilia tu, akaendelea kufunga.

Ndani ya gari bibi aliongea njia nzima, kwa sauti yake halisi ya kubembelezea wajukuu.

"Kijiko, mume wangu mdogo. Nipige kidogo tu. Kofi moja. Bibi anawashwa."

Kijiko, mkono umefungwa kwa kanga, akaficha uso kwapani mwa dada yake.

Msitu ulipoisha, watu wa nyumba za kwanza waliwaelekeza kwa mganga. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, na ukutani kwake zilining'inia bakora zilizopakwa mafuta.

"Mwekeni hapo," alisema. "Mimi jini simbembelezi. Namchapa mpaka aombe radhi."

Mama akafungua kinywa. Baba akamshika mkono, kwa mkono wenye vidole vinne, akaubana.

"Mume wangu," alinong'ona mama.

"Ni mama yangu," alisema baba, akiangalia sakafu.

Mama akafunga kinywa.

Mganga alichapa. Bakora ya tatu ilipotua, bibi alikohoa, akalegea, akaomba maji kwa sauti ya mtu aliyetoka usingizini. Mganga akabaki amesimama, amewapa mgongo. Hawakungoja. Walimbeba bibi mbiombio, wakapita uani, ambapo mke wa mganga alikuwa anaogesha mtoto kwenye beseni.

"Mbona mapema hivyo? Kaeni basi, chai iko jikoni."

"Tuna mgonjwa," alisema mama, akawasha gari.

Mwalimu akateremsha kioo.

"Usimpige," alimwambia yule mwanamke, machozi yanamtoka. "Hata akikuua, usimpige."

"Nimpige nani, mwanangu?" Mwanamke alicheka. "Mume wangu? Mimi namwezea wapi?"

Mlango wa nyumba ukafunguka nyuma yake. Mama akakanyaga mafuta.

Walikuwa wamefika barabara kubwa, wakielekea hospitali, ndipo bibi alipoweza kuketi. Alitazama mkono wa mwanawe na kichwa chake kilichopasuka, akawapapasa wajukuu mmoja mmoja, akauliza nani aliyemtibu, ili akipona arudi kumshukuru.